Nyumba Iliyokuwa Ikila Mtaji Wangu

Nyumba yetu ipo Tandale, Dar es Salaam, upande wa mtaa unaoteremkia mto Ng'ombe. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi hapa: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uwani choo, bafu na kibaraza cha kupikia. Marehemu mume wangu aliijenga kidogo kidogo kwa tofali za saruji, akaezeka bati jembamba, na dari hakuweka kwa sababu fedha iliishia kwenye bati. Alipofariki aliniachia watoto watatu, vyumba vinne vya wapangaji na friza moja. Friza hiyo ndiyo iliyotulisha. Nilitengeneza barafu za ukwaju na ubuyu, na maji baridi, watoto wa shule wakija na sarafu zao.

Watu wanaoiona nyumba leo huniuliza nilipata wapi fedha za kuitengeneza. Jibu ni refu, kwa sababu kwa miaka mingi hakukuwa na mtu wa kukopesha fedha kwa kazi ya namna ile.

Nianze na joto, kwa sababu mafuriko kila mtu anayaona kwenye taarifa ya habari, lakini joto la ndani haliandikwi popote. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, bati lisilo na dari chini yake huanza kuchemka saa nne asubuhi. Ikifika saa nane mchana, chumba kina joto kuliko barabarani. Usiku ndio mbaya zaidi, maana kuta zimelimeza jua kutwa nzima na sasa zinalirudisha. Tulilala uwani. Kulala uwani kuna mbu, na mwanangu wa mwisho aliugua malaria mara kwa mara, kila homa ikiwa na gharama yake na siku zake za kukosa shule.

Friza nayo iliteseka. Fundi aliyekuja kuitazama alinieleza jambo ambalo sikulisahau: friza hutoa joto kwa nyuma ili ndani pawe baridi, na ikiwa chumba chenyewe ni tanuri, mota haipumziki. Haizimi usiku wala mchana. Inakula umeme, kisha inajiua. Kwangu ilikufa mota, nikaitengeneza, ikafa tena.

Kuhusu umeme wenyewe, wengi wanaopanga mambo ya nishati hawakai kwenye nyumba kama zetu, ndiyo maana naueleza kwa kirefu. Kuna bei ya chini ya shirika la umeme, TANESCO, ile ya D1, iliyowekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Ukijumlisha kodi na tozo, uniti moja ni kama shilingi 122. Ukiwa kwenye kundi la juu yake, uniti ileile ni kama shilingi 356. Sasa nyumba ya vyumba sita, familia tano, inatumia mita moja. Uniti 75 zinaisha mwezi haujafika nusu. Kila familia kwa peke yake ni mtumiaji mdogo kabisa, lakini kwa kuwa tunashirikiana mita, tunalipa bei ya watu wenye viyoyozi. Na kila fedha ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ikichelewa, ugomvi wa kwanza ni friza ya mama mwenye nyumba.

Maji tuliyajua zamani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya waliokuwa bondeni walipelekwa Mabwepande kupewa viwanja. Sisi hatukuwa kwenye orodha yoyote. Kwetu maji yaliingia, yakakaa, yakatoka. Mtu ambaye nyumba yake imebomoka anaonekana. Mtu ambaye godoro lake limelowa, ukuta umenyonya maji hadi kiunoni na soketi zimeungua, huyo anaambiwa ashukuru Mungu. Nami nilishukuru, lakini ukuta haukukauka.

Baadaye mto Ng'ombe ulijengewa kingo za zege kupitia mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na nakiri mto wenyewe umetulia sana. Yanayotusumbua sasa ni maji ya vichochoro, ambayo hayana pa kupita kwa kuwa mitaro imeziba na kila kiwanja kimejengwa hadi ukingoni. Na mvua ikishika, kuna majirani wanaotapisha vyoo. Maji ya mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, na masika yaliyofuata mwaka 2024, hayakuwa maji ya mvua peke yake. Wenye watoto wadogo wanajua ninachokisema.

Basi nikatafuta fedha. Benki waliniuliza hati ya kiwanja na hati ya mshahara. Nilikuwa na leseni ya makazi, zile zilizoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004, lakini ilikuwa kwa jina la marehemu na muda wake ulikuwa umepita, na mirathi ilikuwa haijakamilika. Hata ningekuwa navyo vyote, mkopo wa nyumba wa benki ni wa kununua nyumba au kujenga, kwa mamilioni mengi na miaka mingi. Nchi nzima waliopata mikopo hiyo ni maelfu machache tu. Mimi nilikuwa nataka dari.

Taasisi ndogo za fedha zilinikaribisha vizuri, nikapewa kiti na maji ya kunywa. Afisa mkopo, kijana mwenye adabu, aliandika kila kitu, kisha akaniuliza, "Mama, dari itakuingizia shilingi ngapi kwa siku?" Nikamwambia haitaniingizia, itanizuia kupoteza. Akaweka kalamu chini. "Sisi tunakopesha biashara, mama. Nyumba hatukopeshi." Sikumchukia, ndivyo fomu yake ilivyoandikwa. Lakini swali lake nililibeba hadi nyumbani.

Nikajaribu mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, haina riba, na mimi naitetea mbele ya yeyote. Lakini nayo inataka kikundi chenye mradi wa kuzalisha, na tulipokuwa tunakamilisha andiko letu mwaka 2023, mikopo ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe. Ilirudi mwaka uliofuata. Friza yangu haikuweza kusubiri.

Iliyobaki mtaani ni mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni, ila hawa wa kwetu hesabu zao ni za wiki. Nilichukua kwa ajili ya mota ya friza na dawa za mtoto. Umeme ulipokuwa wa mgao, barafu hazikuganda, marejesho yakakwama, wakaja watu wawili na mkokoteni wakaibeba friza yenyewe. Mwanangu mkubwa aliwashikia mlango. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo tuliishi kwa kodi za wapangaji na kwa sahani za chakula ambazo dada yangu wa Manzese alizileta zimefunikwa, ili watoto wasione aibu.

Katika kipindi hicho nilichukua daftari nikajibu swali la yule kijana. Niliandika fedha za LUKU zilizokwenda kwenye friza isiyopumzika, mota mbili, barafu zilizoyeyuka, homa za mtoto, magodoro, na chumba cha upande wa uwani ambacho mpangaji hukihama kila masika na kukiacha kitupu hadi Julai. Nilipojumlisha, nikaona kwamba tayari nilikuwa nalipa marejesho kila mwezi, bila kukopa, na deni lenyewe halikuwa na mwisho. Biashara yangu haikuwa mbovu. Nyumba ndiyo iliyokuwa ikiila.

Daftari hilo nililisoma kwenye kikundi chetu cha VICOBA. Ni wanawake wa mtaa, tumesajiliwa kwa utaratibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tuna hisa za kila wiki na mfuko wa jamii kwa msiba na ugonjwa. Nilipomaliza, kila mmoja akaanza kutaja nyumba yake. Mama mwenyekiti, ambaye ni mtu wa maneno machache, akauliza kwa nini mfuko unamsaidia mtu akishaugua na haumsaidii asiugue. Hapo ndipo mkopo wa nyumba ulipozaliwa, kwa kura, baada ya ubishi wa wiki kadhaa.

Utaratibu wake ulitokana na namna sisi tunavyojenga. Hakuna anayejenga kwa mkupuo, kwa hiyo hakuna anayekopa kwa mkupuo. Unakopa kipande, unamaliza, unarejesha, unakopa kingine. Riba ni ndogo kuliko ya mkopo wa biashara na muda ni mrefu zaidi. Fedha haipiti mkononi. Inakwenda dukani kwa mwenye vifaa, ambaye kwa kuwa tunanunua kwa pamoja hutupunguzia bei ya saruji na jipsamu. Fundi ni mmoja, tunamjua, na halipwi mwisho hadi wanachama wawili wameikagua kazi.

Mkopo wa kwanza haukutosha, na hapo wapangaji waliniokoa. Dar es Salaam kodi hulipwa mbele, miezi mitatu au sita. Mpangaji wangu mmoja, muuza mitumba, alikuja jioni akaniambia, "Mama mwenye nyumba, nikikupa ya mwaka mzima ukaweka dari chumbani kwangu, utanipandishia kodi?" Lilikuwa swali la haki. Wenye nyumba wengi wakishatengeneza hupandisha, na aliyevumilia joto ndiye anayehamishwa. Tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba kodi haipandi kwa miaka miwili. Wengine wawili wakafuata.

Mimi nilitaka kuanza na dari. Fundi akakataa. "Mama, ukiweka jipsamu juu ya nyumba inayonyonya maji chini, unapamba." Tukaanza na sakafu: kifusi, zege, kizingiti kirefu mlangoni, na ngazi ndogo ya kuingilia. Soketi zikapandishwa juu ya alama ya maji iliyokuwa ukutani. Choo kikainuliwa na mdomo wa shimo kufungwa vizuri. Baada ya hapo ndipo dari, chumba kwa chumba, kwa mbao za mbili kwa mbili, huku tundu za hewa zikiachwa juu yake pande zote mbili ili joto la bati litoke badala ya kukaa. Madirisha tuliyatanua na kuyawekea nyavu. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu Ardhi, aliyewahi kupita mtaani kwetu kuchora ramani za mitaro, ndiye aliyetusisitizia nyavu; alitueleza habari za nyumba za majaribio zilizojengwa kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, ambako hewa ikipita na nyavu zikiwa nzima, mbu hupungua na watu hulala ndani. Bati tulilipaka rangi nyeupe. Mwanzoni wenzetu wawili walijaribu chokaa kwa kuwa ni rahisi, masika moja ikaiosha yote.

Kazi haijaisha. Rangi nyeupe hushika vumbi na itatakiwa kurudiwa. Vyumba viwili bado havina dari. Lakini masika iliyopita maji yalifika kwenye kizingiti yakapita. Watoto wanalala ndani. Nimenunua friza nyingine, ya mtumba, na sasa naisikia ikizima na kuwaka, kuzima na kuwaka, jambo ambalo ile ya kwanza haikulifanya kamwe. Fedha ya LUKU inafika mbali zaidi, na ugomvi wa koridoni umepungua. Alhamdulillahi.

Ila VICOBA haiwezi kuibeba Tandale nzima, sembuse jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano. Serikali inajua kusaidia nishati ya nyumbani ikitaka. Vijijini umeme umeunganishwa kwa shilingi 27,000 kwa sababu fedha ya umma ilibeba sehemu kubwa, wakati mjini mita moja ni shilingi 320,960. Mitungi ya gesi imetolewa kwa ruzuku, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Nafurahia hayo yote. Naomba nyumba yenyewe nayo iingizwe: sakafu, dari, choo, mita. Kila mwezi LUKU inanikata kodi ya jengo shilingi 1,500. Kwa hiyo nyumba yangu inajulikana, na njia ya kuifikia ipo. Njia hiyohiyo ingeweza kukusanya rejesho dogo la dari, na sehemu ya kodi hiyo ingeweza kuwa mtaji wa kuanzia. Hayo tumeyaandika kwenye barua ya kikundi, tukaipeleka ofisi ya kata, wakaigonga muhuri.

Wakati tunasubiri, zamu za mkopo kikundini zinaendelea. Mimi nimeandikisha mita ya pili kwa ajili ya vyumba vya wapangaji, lakini mbele yangu wapo watatu. Mwezi ujao ni bibi mmoja wa nyumba ya tatu kutoka mtaroni, anayelea wajukuu wanne, na kwake fundi amesema tunaanza na choo.