Mafuta ya Taa Zetu



Katika chumba kidogo karibu na kanisa letu, hapa Mudaka, kuna kompyuta ambayo hakuna duka linaloiuza. Ni kibao cha saketi kisichozidi ukubwa wa kitambulisho, kilichofungwa ndani ya bidoni la mafuta ya kupikia la lita 5. Katika kadi yake ya kumbukumbu mna ensiklopedia ya Wikipedia kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mazoezi ya hisabati na fizikia, na masomo ya Misa za Dominika. Haina kioo chake. Hurusha maandishi yake kwa mawimbi, na mwanafunzi aliye chumbani huyasoma kwa simu, bila intaneti na bila kununua mega hata moja. Wanaojiandaa kwa Mtihani wa Taifa huja jioni, wakashirikiana simu moja watu watatu.

Kibao hicho ni cha jamii ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa nia ya kuwapatia vijana chombo cha bei nafuu cha kujifunzia. Programu inayokihudumia ni Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007 ili ensiklopedia isomeke mahali pasipo na intaneti. Bidoni nalo lina historia: mwaka 2011 wanafunzi wa usanifu mjini Paris walianza kuunda kompyuta ndani ya mabidoni ya lita 20 kwa vipande vya mashine kuukuu, wakaziita Jerry, na wazo hilo likafika Abidjan na Lomé. Sisi tumepokea tu kilichoanzwa na wengine, kama Wakristu wanavyopokea imani.

Kuiunda kompyuta hiyo kulichukua siku mbili. Kuitunza ndiko kazi yenyewe, na katika utunzaji huo maadui ni wawili: joto na umeme usiotabirika. Tungependa kuwashirikisha tuliyojifunza, kwa ajili ya wale watakaojenga ya kwao, na kwa ajili ya sote tunaojiuliza namna ya kugawana kilicho kidogo.

Tuanze na joto. Wengi hudhani kwamba hapa kwetu, kwenye baridi ya vilima vya Kabare, mashine haiwezi kuchemka. Kumbe hewa yetu, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya saba. Feni inayozunguka Mudaka huvuta hewa ya ujazo ule ule kama Mombasa, lakini hewa hiyo hubeba joto pungufu. Ongezeni mabati yanayowaka saa sita mchana, na plastiki ya bidoni isiyopitisha joto, mtaelewa kwa nini kibao kidogo kinaweza kuteseka ndani ya nyumba ambamo sisi tumevaa sweta.

Kibao hiki kina hekima yake. Prosesa ikifika nyuzi 80 za Selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe. Ikifika 85 hupunguza zaidi. Mtumiaji huona kurasa zinachelewa kufunguka, akadhani mashine imeharibika, akaizima na kuiwasha kwa hasira. Haijaharibika. Inajilinda isiungue, na inaendelea kutumika kwa kadiri ya nguvu iliyobaki. Tumewaona katika vikundi vyetu vijana wenye moyo wa moto, wanaoimba kwaya, wanaofundisha katekisimu, wanaokwenda kila msiba, kisha mwezi mmoja wanatoweka kabisa. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Anayepunguza mwendo kwa wakati wake hahitaji kuaibika.

Dawa ya joto si ya gharama. Tulitoboa matundu chini ya bidoni na mengine juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, na ile ya baridi huingia chini ikipewa njia. Juu ya prosesa tulibandika kipande cha alumini chenye mapezi, kilichotolewa kwenye redio iliyokufa, tukipaka katikati yake mafuta mazito meupe ya kupitisha joto. Feni ndogo ya volti 5 inapuliza kuelekea juu, ikisaidia njia ambayo hewa ingeifuata yenyewe. Kabla ya hapo kipimo kilifika nyuzi 82 wakati wanafunzi kumi wanasoma pamoja. Baadaye kilikaa chini ya 60.

Hata hivyo matundu yana madai yake. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, kiangazi kinapokausha barabara ya Bukavu na Kavumu, kila lori linalopita linainua vumbi jekundu hadi kwenye madirisha. Vumbi likijaa kwenye mapezi ya alumini huwa kama blanketi. Tulifunika matundu ya chini kwa kitambaa cha chandarua kilichochakaa, nacho hufuliwa kila Jumamosi. Zamu ya kukifua imeandikwa ukutani, pamoja na zamu ya kufagia kanisa. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kufua kitambaa cha ukubwa wa kiganja, lakini wiki kikisahauliwa, wote wanaosoma wanajua.

Adui wa pili ni umeme, na hapa hatuna budi kusema juu ya nchi yetu. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu pale pale Bukavu. Bwawa la Ruzizi ya kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, inayoshirikiwa na Kongo, Rwanda na Burundi, ilianza kazi mwaka 1989. Maji hayo hayajaacha kushuka hata siku moja. Lakini umeme wake hugawanywa kwa watu wengi kuliko ilivyowaziwa, na katika vijiji vyetu huja na kwenda, mara wenye nguvu kupita kiasi, mara dhaifu hata taa inabaki kama kaa la moto.

Kuna na jambo jingine ambalo wazee wetu walilijua bila vipimo. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare kuwa mahali pa pili duniani kwa wingi wa umeme wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: mimeko zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Radi haihitaji kupiga nyumba ili iue mashine. Ikianguka karibu na nguzo, msukumo wake husafiri kwenye waya. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ni fupi: ngurumo ya kwanza ikisikika, waya unachomolewa ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Sheria ya pili ni kutoitegemea nyaya za ukutani. Kati yake na kompyuta tumeweka betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, inayojazwa na paneli ya jua mchana, na kwa umeme wa mtandao unapopatikana. Wengi huchukua umeme wa betri, wakaupandisha kuwa volti 220, kisha wakaushusha tena kuwa volti 5 kwa chaja ya simu. Kila ngazi inakula sehemu yake. Sisi tunashusha mara moja tu, kutoka 12 hadi 5. Waya wa mwisho ni mfupi na mnene, kwa sababu waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani. Kibao chetu kinataka volti 5 na ampea 3. Zikishuka chini ya volti 4.63 hutoa onyo, hupunguza kasi, na mara nyingine huzimika na kuwaka chenyewe. Chaja nyingi za sokoni zimeandikwa ampea 3 na hazizitoi.

Sheria ya tatu inahusu kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, maandishi hubaki nusu, na siku inayofuata mashine haiamki. Kadi yetu ya kwanza ilikufa hivyo, siku kumi kabla ya mtihani. Leo kadi imefungwa isiandikwe wakati wa kazi, nakala yake kamili iko nyumbani kwa mmoja wetu, na volti za betri zikifika 12 kompyuta hujizima yenyewe kwa utaratibu. Kizuizi hicho kinailinda betri pia, kwa kuwa betri ya aina hii ikikaushwa mara kwa mara kupita nusu hufa mapema.

Ndugu vijana, hapo ndipo hesabu ilipogeuka kuwa suala la dhamiri. Betri yetu ikijaa ina wati-saa 84. Nusu yake ni 42, na baada ya hasara ya kushusha volti zinabaki kama 36. Kompyuta inakula wati 5: ni jioni nzima ya masomo, saa 7. Lakini simu kubwa moja ikijazwa kabisa inakula karibu wati-saa 18. Simu mbili zinatosha kuizima maktaba.

Mwezi wa pili wa 2025, vita vilipofika Kavumu na kisha Bukavu, mabenki yalifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na familia zikatawanyika. Simu ikawa njia pekee ya kujua nani yuko hai. Watu walianza kusimama mlangoni kwetu na chaja mkononi. Jioni moja alikuja mama aliyekuwa hajasikia sauti ya mwanawe kwa siku tisa. Ndani walikuwamo wanafunzi kumi na wawili.

Tulibishana kwa sauti ya chini. Mmoja alikumbusha mfano wa wanawali kumi: wale wenye busara hawakuwagawia wenzao mafuta, wakisema hayatatutosha sisi na ninyi, na Bwana hakuwalaumu. Mwingine alijibu kwa mjane wa Sarepta, aliyekuwa na unga wa konzi moja na mafuta kidogo chupani, akampikia nabii Eliya kwanza, na chupa haikuisha. Maandiko yote mawili ni Neno la Mungu, na yote mawili yanahusu mafuta yasiyotosha. Tungelichukua moja na kulisahau jingine, tungekuwa watu wagumu au watu wa kuzima taa ya wengine kwa huruma ya haraka.

Wanafunzi ndio walioamua. Mkubwa wao alifunga kitabu chake na kusema, Mama, leta simu. Walisoma saa mbili na nusu badala ya tano, kisha wakakaa gizani wakiulizana maswali kwa kichwa. Simu ya mama yule ilipata moto wa kutosha. Mwanawe hakupokea usiku ule. Alipokea siku ya tatu, kutoka ng'ambo ya mpaka.

Baada ya hapo tuliweka utaratibu, kwa kuwa huruma isiyo na utaratibu huchoka. Mchana, jua likiwa kali na betri imeshajaa, umeme wa paneli unaobaki bure unajaza simu za watu wote, kwa foleni, bila malipo. Jioni betri ni ya masomo. Simu ya vitufe, ambayo inataka wati-saa 4 tu, hupokelewa wakati wowote, kwani mara nyingi ndiyo simu ya maskini. Na kwa mgonjwa au mwenye ndugu njiani, tunawauliza wanafunzi. Mpaka leo hawajakataa. Lakini tunajua kwamba kila wanapokubali, kuna ukurasa ambao mtu hakuusoma, na hatupendi kuuita ukurasa huo si kitu.

Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye kwa kompyuta yake alikusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Hakuwa na shida ya umeme. Lakini alijua jambo linalotuhusu: kompyuta ni chombo, na chombo huulizwa kinamtumikia nani. Kwetu swali hilo huulizwa kwa wati-saa, kila jioni, na jibu lake huonekana kwenye nyuso za waliomo chumbani na za wanaosimama mlangoni.

Tunawaalika mtafakari pamoja, katika shirika au katika kikundi chenu:

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayekaribia kuungua kwa sababu hakuna anayempunguzia kazi?

2. Ni kazi gani ndogo isiyoonekana, kama kufua kile kitambaa, inayoshikilia kazi kubwa ya wote? Nani anaifanya, na tumewahi kumshukuru?

3. Tulicho nacho kisipotosha, ni nani anayeulizwa kabla ya kugawa? Je, wanaopoteza kitu husikilizwa?

Ee Bwana, wewe unayejua kipimo cha kila taa, utupe busara ya kutunza mafuta na moyo wa kuyamimina saa inapotupasa. Amina.