Ya Saba Katika Vita vya Nyota

Katika kitabu chetu hiki cha kila mwaka tumezoea kusoma habari za harusi, za vijana waliofaulu mitihani yao, na za wazee waliotangulia mbele ya haki. Senema haina ukurasa wake. Lakini tukutanapo siku ya Idi, watu wazima wakishakunywa kahawa na watoto wakishapewa pesa zao za sikukuu, haipiti nusu saa ila mazungumzo yamefika kwenye Star Wars, na hasa ile ya saba, The Force Awakens, iliyotoka Desemba 2015. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka huo sasa wamefika umri wa kuiona, na kwao wao ni filamu mpya kabisa. Wazazi wao wananiuliza: Ni nzuri? Inafaa kwa watoto? Na kisa cha Ami usiku ule kilikuwaje hasa? Nimeona bora niandike mara moja, nipumzike.

Kwa wale ambao hawakufuata tangu mwanzo nitaeleza kwa ufupi. Ya kwanza ilitoka Marekani Mei 1977, na hapa Uingereza ikaanza kuonyeshwa London katika siku za mwisho za Desemba mwaka huo huo. Mwenyewe ni George Lucas, Mmarekani, ingawa watu wengi husahau kwamba picha za ndani zilipigwa hapa hapa, Elstree, nje kidogo ya London, na lile jangwa lake ni la Tunisia. Ya pili ikaja 1980, ya tatu 1983. Kikapita kimya cha miaka 16. Kisha zikaja tatu nyingine, 1999, 2002 na 2005, za kueleza mambo yaliyotangulia, nazo nitazipita kama mtu apitavyo duka lililofungwa. Mwaka 2012 Lucas aliiuza kampuni yake kwa Disney kwa kiasi cha dola bilioni 4, na miaka mitatu baadaye ndiyo ikaja hii ya saba, mwongozaji wake J.J. Abrams.

Ami ndiye aliyetupeleka kuona ile ya kwanza, mwanzoni mwa 1978, watoto watano ndani ya gari moja kutoka Portsmouth mpaka London, na baridi ile. Alikuwa mpenzi wa senema tangu Unguja, akiijua Majestic na Empire kama alivyoujua msikiti wa mtaani kwao, na alipohamia huku alikuja na sheria zake zote za senema. Kubwa yao ni ile tunayoijua sote, kwamba steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa baharini, lakini mwisho atarudi. Mwaka 1980 alipoona tangazo la ya pili, The Empire Strikes Back, alicheka mpaka akavua miwani: kumbe Empire ya Mjini imetufuata mpaka huku kulipiza kisasi!

Sasa nije kwenye filamu yenyewe. Miaka 30 imepita tangu Dola lilipoanguka. Luke Skywalker, kijana wetu wa 1977, ametoweka na hapana ajuaye alipo. Mabaki ya Dola yamejikusanya upya kwa jina jingine na jeuri ile ile. Katika sayari ya mchanga iitwayo Jakku yuko msichana, Rey, ambaye kila siku huingia ndani ya merikebu za vita zilizoanguka jangwani, huchomoa vyuma, huvisugua, akampelekea tajiri mmoja mwenye roho mbaya, naye akampimia posho ya siku. Anayemcheza ni Daisy Ridley, Mwingereza, ambaye kabla ya hapo hakuwa akijulikana, na kwa hakika amebeba filamu nzima mabegani. Jangwa lile ni la Abu Dhabi, na picha zilipigwa mwaka 2014. Jamaa zetu walioko huko hawachoki kutukumbusha. Dada mmoja alinambia kwamba alilijua lile jua juu ya mchanga kabla hajaambiwa na mtu.

Ndani ya kijumba chake Rey anakwaruza mistari ukutani, mstari mmoja kwa kila siku anayowangoja wazee wake warudi kumchukua. Ukuta umejaa. Picha hii haikai sana mbele ya macho, lakini sisi tuliokulia katika nyumba ambazo masanduku yalikaa juu ya kabati na kamba zake, hayafunguliwi kwa kuwa mwakani tunarudi, hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Baadaye anakutana na bibi mmoja mdogo wa kimo, mwenye miwani mikubwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000, aitwaye Maz Kanata. Huyu anamwambia bila ya kuzunguka kwamba anaowangoja hawarudi tena. Sauti ya bibi huyo ni ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyepata Oscar mwaka 2014. Watu wa kwetu wengi walilalamika kwamba amepatikana mtu kama Lupita kisha sura yake ikafichwa nyuma ya kompyuta, na mimi ni mmoja wao. Hata hivyo, maneno yale yalihitaji sauti yenye huruma, na yake inayo.

Na maadamu nimeitaja Kenya, kuna jambo ambalo vijana hawalijui. Katika ile ya tatu, ya 1983, yuko rubani mmoja mwenye mashavu makubwa yanayoning'inia, anayekaa pembeni mwa Lando katika vita vya mwisho. Jina lake Nien Nunb. Maneno yake, ambayo Marekani nzima iliyachukulia kuwa ni lugha ya sayari nyingine, ni Kikuyu na Kikalenjin, na msemaji alikuwa Mkenya aliyekuwa masomoni California, Kipsang Rotich. Katika ya saba rubani huyo amerudi, na Rotich vile vile amerudi kumpa sauti. Basi mtoto akikwambia kwamba lugha za kwao hazifiki mbali, mwonyeshe hapo.

Kijana mwengine wa kumtazama ni John Boyega, aliyezaliwa London mwaka 1992 kwa wazee wa Kinigeria na kukulia Peckham. Anacheza askari aliyechukuliwa utotoni kutoka kwa watu wake, akalelewa kambini, akavalishwa deraya nyeupe na kupewa nambari badala ya jina: FN-2187. Anatoroka pamoja na rubani mfungwa, na rubani anapomuuliza jina anamtajia nambari. Rubani anakataa kumwita hivyo, anampa jina pale pale, Finn. Utaona furaha ya kijana yule kwa kupata jina! Watu walicheka ukumbini, na ni mahali pa kucheka, lakini filamu hii imejaa habari za majina kuliko inavyodhaniwa.

Ubaya wake nao nitausema. Adui wamejenga ngome kubwa ya kuvunja sayari, ina mahali pamoja dhaifu, na vijana wanaruka na ndege zao kwenda kupiga pale pale. Hayo tuliyaona 1977, tukayaona tena 1983, na mara ya tatu hata mtoto mdogo anajua bomu litaangukia wapi. Yupo pia kapteni wa kike mwenye deraya ya kung'aa kama sufuria mpya, ambaye amepewa mavazi mazuri na kazi ya dakika chache. Ni kama mpishi aliyeusifu mchuzi wake wiki nzima kisha akakupakulia kijiko kimoja. Lakini muziki ni wa John Williams yule yule, na yule roboti mviringo anayebingirika, BB-8, alitengenezwa kweli kweli na kuendeshwa na watu, hakuchorwa tu, na hilo linaonekana. Duniani kote filamu ilikusanya zaidi ya dola bilioni 2.

Nimefika kwenye daraja. Asiyeiona bado na hataki kuharibiwa aruke mpaka mwisho.

Adui mkubwa wa filamu hii, Kylo Ren, kijana wa barakoa nyeusi anayechezwa na Adam Driver, si mtu baki. Ni mtoto wa Han Solo na Leia. Jina alilopewa na wazee wake ni Ben, naye ni somo wa mzee Ben Kenobi wa filamu ya kwanza. Jina hilo amelitupa, na wazee wake amewatupa. Karibu na mwisho Han anamwona akivuka daraja jembamba juu ya shimo lisilo na chini, naye anatoka mafichoni na kumwita: Ben. Anamwendea mikono mitupu. Anamwomba avue barakoa, anamwambia warudi nyumbani. Kijana analia, anaomba msaada, na Han anamjibu kwamba atamfanyia lolote. Mwanga wa jua unazimika, na upanga wa moto unapita kifuani mwa baba. Kabla hajaanguka, Han anamgusa mwanawe shavuni.

Steringi amekufa. Ukumbi mzima kimya, isipokuwa mtoto mmoja nyuma yetu aliyeuliza kwa sauti kama atarudi.

Lazima sasa nieleze jambo, na mwenyewe ameniruhusu. Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa Ami, ni somo wa babu yetu. Mnamo 1987 alipata kazi katika ofisi moja London, na kwa kuwa wenziwe hawakuweza kulitamka jina lake, au hawakutaka, akajichukulia jina fupi la Kiingereza. Ami hakuwa na habari. Siku moja akapiga simu ofisini kumuulizia mwanawe kwa jina la babu, na aliyepokea akamjibu kwamba hapa hapana mtu huyo. Ami akauliza tena, akajibiwa vile vile. Akaiweka simu chini. Toka siku ile mpaka walipozaliwa wajukuu hakumpigia tena. Wakionana harusini au msibani, ni salamu na kwaheri.

Usiku ule wa Desemba 2015 walikaa safu moja, baina yao wajukuu watatu na mfuko wa bisi. Filamu ilipokwisha Ami hakuinuka. Alikaa mpaka yakapita majina yote ya watengenezaji, mamia kwa mamia, na wafagizi wakaingia. Binamu akamwambia, "Baba, twende." Ami, macho yake bado mbele, akasema, "Umeona? Pamoja na yote yale, kamwita kwa jina lake." Binamu hakujibu. Akamshikia koti, akamvalisha mkono mmoja mmoja. Njia nzima ya kurudi walizungumza habari ya bei ya petroli, bila ya kunyamaza, na kwa mara ya kwanza katika muda mrefu nilimsikia Ami akimwita mwanawe kwa jina la babu na mwana akiitika.

Shangazi yetu ana rai yake. Anasema filamu ambayo mtoto anamuua baba yake haifai kuonyeshwa watoto, na kwamba aliyeiandika hajui radhi ni kitu gani. Mimi naona aliyeiandika anajua sana. Mkono ule shavuni una maana gani? Shangazi anasema ni mkono wa mtu anayekufa, anashika kilicho karibu. Mimi nasema ni radhi, imetolewa kwa asiyeiomba, na ndiyo maana kijana haoni raha tena katika filamu mbili zilizofuata. Katika ya tisa, ya Desemba 2019, kumbukumbu ya baba yake inamjia, wanazungumza, na kijana anautupa upanga ule baharini. Ami hakuiona. Alifariki mapema mwaka ule, Mwenyezi Mungu amrehemu. Binamu alikwenda kuiona peke yake, siku ya kazi, saa nane mchana. Walio na kitabu chetu cha mwaka ule wanaweza kuitazama tanzia ya Ami: binamu ameiandika mwenyewe na kutia sahihi majina yake matatu kamili.

Kuhusu watoto, hapa Uingereza filamu ilipewa alama ya 12A, yaani aliye chini ya miaka 12 huingia senema na mtu mzima. Nyumbani mnajua wenyewe. Wajukuu wangu niliwaacha waione yote, na daraja halikuwasumbua kama lilivyotusumbua sisi. Kilichowasumbua ni mwisho, pale Rey anapompata Luke juu ya kisiwa cha mawe, ambacho ni Skellig Michael huko Ireland, anamnyooshea upanga wake wa zamani, na mzee anamtazama tu, hasemi neno hata moja. Mjukuu wa kike aliniuliza alikuwa akifanya nini huko miaka yote, na kwa nini hakupiga simu. Nimemwambia angoje ya nane. Shangazi, kwa upande wake, amekwisha kumwarifu mhariri awekewe kurasa mbili mwakani kunijibu.