Moyo wa bi arusi



Mwaka jana tulimuozesha mdogo wetu. Wiki nane kabla ya nikaha alianza kulalamika kuwa moyo unamwenda mbio hata akiwa amejilaza mkekani. Usiku anakoroma, asubuhi anaamka hoi. Somo wake akacheka: "Mchecheto wa arusi huo!" Bibi akasema ni jicho, akasomewa. Tulishukuru kwa kisomo, na hospitali tukampeleka.

Presha ilikuwa 142/90, mapigo 98 kwa dakika, naye ameketi kimya. Kiuno sentimita 97. Sukari kabla ya kula, 6.3. Daktari akatwambia kuna hali iitwayo sindromu ya metaboli: kiuno cha mwanamke kufika sentimita 80, presha kufika 130/85, sukari ya kabla ya kula kufika 5.6, mafuta mabaya kuzidi kwenye damu na yale mazuri kupungua. Ukiwa na matatu kati ya hayo matano, unayo. Mdogo wetu ana miaka 27.

Lakini moyo kwenda mbio unahusiana vipi na kiuno?

Mwilini mna neva ziitwazo simpathetiki, ndizo zinazotushtua. Mbwa akikubwekea gizani, moyo unapiga kasi, mishipa inabana, figo zinazuia chumvi na maji. Mbwa akiondoka, zinatulia. Kwa mwenye hali hii hazitulii sawasawa, ni kama mbwa yuko mlangoni mchana na usiku. Misuli haiisikii tena insulini vizuri, kongosho linaimwaga kwa wingi, na wingi huo unazichochea neva. Mafuta ya mwilini nayo yanatoa homoni ya leptini inayozichochea pia. Na kukoroma kule tulikokufanyia mzaha? Koo likiziba usingizini, hewa inapungua kwenye damu, neva zinaruka. Kisha mishipa ikibana, damu haifiki vyema kwenye misuli, sukari inabaki ikizunguka, insulini inapanda tena.

Tulitazamana kwa haya. Sisi ndio tuliomweka ndani, kazi hagusi, asubuhi chapati za samli, jioni halua na maziwa, eti anawiri!

Daktari alisema kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito huzituliza neva hizo. Basi tukawa tunatoka naye baada ya sala ya alfajiri, mabuibui yetu na raba, mpaka ufukweni na kurudi. Chumvi tukapunguza, soda tukaacha nyumba nzima. (Kaka zetu walinung'unika wiki mbili.)

Lililotutoa jasho ni jingine: mchumba aambiwe? Mama alikataa katakata. "Mtamkosesha mwanangu mume." Sisi wenyewe tuligawanyika, wengine tukisema mwili ni siri ya mtu, wengine kuwa ndoa haianzi kwa kufichana. Mwisho mwenyewe akaamua. Akamwambia mchumba wake, kaka yetu amekaa pembeni, kwa sauti ndogo lakini bila ya kuzunguka.

Mchumba alinyamaza kidogo. Akauliza kama presha ile inapimwa kila wiki, maana mama yake anacho kipimo nyumbani.

Siku ya arusi gauni lilibidi lipunguzwe mara mbili. Presha asubuhi ile ilikuwa 128/82. Mapigo hatukuyahesabu, siku ile yalikuwa na haki ya kwenda mbio.