Paneli ya wati 300 juu ya bati la Tanga

Nilipoanza kufunga sola hapa Tanga, hesabu yetu mafundi ilikuwa moja: wati za kwenye kibandiko mara saa za jua, basi. Ni rahisi, na mteja anaielewa hata akiwa amesimama mlangoni.

Aliyeniondoa huko ni mzee mmoja mwenye friza za samaki. "Fundi, paneli imeandikwa 300, mbona mita inasoma 220? Tumeuziwa feki?"

Haikuwa feki. Namba ya kibandiko hupimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zenyewe zikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati, saa saba mchana, nyuzi 25 utazitoa wapi? Nikatafuta kanuni inayokadiria joto la seli. Hewa nyuzi 33, mwanga 900: seli zinafika kama 61. Kila nyuzi moja juu ya 25 hula takriban asilimia 0.4 ya nguvu ya silikoni. Jibu likatoka 231. Zilizobaki ni vumbi na waya. Mzee akacheka: "Kumbe jua lenyewe ndilo linalokula umeme!"

Lakini kanuni hiyo haijui kivuli. Kuti la mnazi likiziba seli moja kati ya 60, yenyewe inahesabu hasara ya sehemu moja ya 60, kumbe paneli ya kawaida ina diodi tatu za kukinga na theluthi nzima inaweza kuzimika. Kivuli ndicho kilichonipeleka kwenye modeli ya diodi moja: mkondo unaotokana na mwanga, namba mbili za tabia ya diodi, na ukinzani wa aina mbili, wa mfululizo na wa sambamba. Namba tano tu, nawe unachora mchoro mzima wa volti na mkondo.

Ile ya diodi mbili ina namba saba, na kwenye mwanga hafifu hukaribia ukweli zaidi. Vijana wa chuo wanaokuja kwangu kwa mazoezi wanaihusudu. Huwauliza namba saba wamezitoa wapi, maana kibandiko hakizitaji. Mara nyingi wamezikisia, na makisio saba kwangu hayaishindi kanuni ya joto. Kwa zahanati yenye friji ya chanjo, ambako asubuhi za masika zina uzito, naitumia, ila kwanza nadai vipimo vya kiwandani.

Pampu ya shamba lisilo na mti? Kanuni ya joto inatosha, na jibu napata kwa kikokotoo cha simu.