Ishiara: Mbuzi sokoni, hesabu kitabuni

Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Meru hana lazima ya kuiona Ishiara. Barabara kuu itokayo Embu humpitisha Runyenjes na Chuka, kando ya kahawa na majani chai, huku akipigwa na kibaridi cha Mlima Kenya hadi afike aendako. Lakini ukifika Ena, mbele ya mji wa Embu, ukaiacha barabara hiyo na kuteremka upande wa kulia, unaingia nchi nyingine kabisa. Kahawa inatoweka. Badala yake unaona migunga, miembe, majabali, na mashamba ya ndengu, kunde na mtama. Haupiti muda mrefu kabla abiria wa matatu kuvua makoti, na aliye dirishani atalaumiwa akilifunga.

Ishiara iko Mbeere Kaskazini, katika kaunti ya Embu, si mbali na mto Thuci. Ng'ambo ya mto huo ni Tharaka Nithi. Mzee wa hapa amebadilishiwa anwani mara kadhaa bila kuhama boma lake: alikuwa Wilaya ya Embu, akawekwa Wilaya ya Mbeere ilipoundwa mwaka wa 1996, na tangu uchaguzi wa 2013 yuko chini ya serikali ya kaunti ya Embu. Soko halikujali lolote kati ya hayo. Siku ya soko utasikia Kimbeere, Kitharaka, Kiembu na Kikamba, na bei inapokuwa ngumu wote hukimbilia Kiswahili.

Wapo wanaokwenda Ishiara kununua maembe, na wapo wanaokwenda kuona mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji, ambayo hustaajabisha macho katikati ya ukame. Mimi nilivutwa na jambo jingine. Nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu zina kijana anayechagua kozi ya chuo kikuu, na kozi ya uhasibu na fedha hukosekana mara chache katika orodha yake. Wazazi wa mjini huipenda kwa sababu wanaona benki na tai shingoni. Niliambiwa kwamba nikitaka kujua kozi hiyo inahusu nini hasa, niende nikakae nusu siku katika soko la mbuzi.

Soko lenyewe si la kutisha. Ni uwanja wa vumbi, mbuzi wamefungwa wawili wawili kwa kamba, na wanunuzi wanapita wakiwashika mgongoni kupima nyama kwa vidole. Hakuna mizani. Madalali wanavaa makoti marefu hata jua likiwaka, na mazungumzo ya bei hufanywa kwa sauti ya chini kana kwamba ni posa.

Karibu na ua nilimkuta baba mmoja mwenye mbuzi wanne, akiwa na bintiye anayesoma mwaka wa pili wa uhasibu na fedha katika chuo kikuu kimoja cha umma. Baba alimwita "Mama", kwa kuwa amepewa jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi ya huku. Binti alikuwa na daftari la mraba magotini. Mhadhiri alikuwa amewatuma wachague biashara ya nyumbani na kuiandalia mizania. Biashara ya nyumbani kwao ni mbuzi.

"Baba, huyu mweupe nimwandike shilingi ngapi?"

"Leo au Januari, Mama?"

Ndugu msomaji, katika swali hilo fupi umo mjadala uliowasumbua wahasibu wa dunia nzima kwa miaka. Mashine ya kusaga unga ni rahisi kuandika: unaweka bei uliyonunulia, kisha kila mwaka unaondoa uchakavu. Mbuzi hakubali hesabu hiyo. Hununuliwi dukani, huzaliwa tu. Anakua, ananenepa, anazaa, anakonda kiangazi kikija, na siku nyingine anakufa bila taarifa. Je, thamani yake katika kitabu ni ipi?

Desemba mwaka wa 2000 kamati ya kimataifa ya kanuni za uhasibu, yenye makao yake London, ilitoa kanuni nambari 41 kuhusu kilimo, ianze kutumika mwaka wa 2003. Kwa ufupi inasema hivi: mnyama aliye hai aandikwe kwa bei ambayo angeuzwa sokoni siku ya kufunga hesabu, ukitoa gharama za kumuuza. Wahasibu wa Kenya walikuwa wamekwisha kukubali kanuni za kimataifa tangu mwaka wa 1999, kwa hivyo kanuni hiyo inasomwa Embu, Chuka na Nairobi vilevile kama inavyosomwa London. Baadaye mimea inayovunwa mwaka nenda mwaka rudi iliondolewa humo, na tangu 2016 mkahawa na mchai huandikwa kama mashine. Kwa mantiki hiyo hata mti wa muguka, ambao ndio unaolipa karo katika nyumba nyingi za Mbeere, ni ndugu ya kinu cha kusaga.

Basi binti alipaswa kuuliza bei ya leo. Lakini baba naye hakukosea. Januari shule zinapofunguliwa kila mtu anauza, na bei huanguka. Desemba watu wa mjini wanataka nyama ya sikukuu, na bei hupanda. Mbuzi ni yuleyule. Kisha kuna ushuru wa soko, nauli, na mkono wa dalali. Baba alizitaja gharama hizo moja baada ya nyingine bila kuulizwa, na kwa mpangilio uleule ambao ungeupata kitabuni.

Walipomaliza mbuzi wa tatu, baba aliuliza: "Na yule aliye tumboni mwa huyu mwekundu umemwandika wapi?"

Binti alieleza kwamba hana mstari wake. Bei ya mamake sokoni ndiyo inayombeba, maana mnunuzi anayejua mbuzi ana mimba hulipa zaidi.

"Akijua," alisema baba, akageukia mnunuzi aliyekuwa akikaribia.

Msomaji wa mjini anaweza kuona haya ni mchezo wa shule. Siyo. Karatasi inayoamua kama kijana wa Ishiara atasoma au atarudi nyumbani ni karatasi ya hesabu, na hujazwa hapa hapa.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa mwaka wa 1995. Hutoa mkopo kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu kuliko mkopo wowote utakaopata mjini. Lakini ili kujua nani apewe ngapi, ni lazima ijue mzazi ana kiasi gani. Mwalimu ana stakabadhi ya mshahara. Anaiambatisha na kazi imekwisha. Baba mwenye mbuzi na nusu ekari ya ndengu ana nini cha kuambatisha? Kwa takriban miaka 30 karo ya masomo ya mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali ilikuwa Sh16,000 kwa mwaka, na makosa ya kujaza fomu yaliweza kufidiwa kwa mbuzi wachache au harambee ya kanisani. Mwaka wa 2023 serikali ilianzisha utaratibu mwingine, ambapo wanafunzi hugawanywa katika makundi kulingana na uwezo wa jamaa zao, na kila kundi lina kiwango chake cha ruzuku, mkopo na malipo ya mzazi. Utaratibu huo ulizua manung'uniko na ukafikishwa mahakamani. Vyovyote mahakama zitakavyoamua, shida ya Ishiara haitaondoka: jamaa isiyokuwa na vitabu inapimwa kwa vitabu.

Na wanaodhani mtu wa mbuzi ataonekana maskini daima wamekosea. Mizania ni picha ya siku moja. Ukimpiga picha mwenye mbuzi 60 baada ya mvua nzuri, ni tajiri kuliko mwalimu. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, na Mbeere ni mojawapo ya maeneo hayo. Aliyeonekana tajiri fomu ilipojazwa huenda hakuwa na hata mbuzi wa kuuza mtoto alipofika mwaka wa pili. Kwa maoni yangu yeyote anayebuni fomu hizo angelazimishwa kwanza kulala Ishiara wiki moja mwezi wa Septemba.

Tena si mvua pekee. Wakulima wengi wa nyanda hizi kavu walihimizwa kupanda mtama wa kuuzia kiwanda cha bia, kwa sababu bia ya bei nafuu ya Senator, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, haikutozwa ushuru. Mwaka wa 2013 serikali ikaitoza ushuru, mauzo yakaanguka, na mtama ukabaki kwenye magunia hadi ushuru ulipopunguzwa mwaka wa 2015. Halafu Mei 2024 kaunti za pwani, Mombasa ikiwa ya kwanza, zilitangaza kupiga marufuku muguka. Marufuku hayo yalizuiwa kwa amri ya Mahakama Kuu ya Embu. Sitaki kuingia katika ubishi wa kama muguka ni mzuri au mbaya kwa vijana. Nina maoni yangu, na si ya kumfurahisha mkulima. Lakini ni vizuri mzazi wa mjini ajue kwamba tangazo lililosomwa Mombasa asubuhi liliweza kufuta muhula mzima wa masomo huku Mbeere jioni. Katika darasa la fedha jambo hilo huitwa hatari ya kutegemea soko moja.

Zamani mtoto wa hapa aliyetaka masomo haya hakuwa na budi kuhama. Bodi ya mitihani ya wahasibu, KASNEB, imekuwapo tangu 1969, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitivo chake cha biashara kule Lower Kabete. Lakini katika miaka ya 90 hapakuwa na chuo kikuu cha umma mjini Embu wala Chuka. Chuka kilianza mwaka wa 2007 chini ya Chuo Kikuu cha Egerton na kupata hati yake mwaka wa 2013. Embu kilianza mwaka wa 2011, mahali palipokuwa chuo cha kilimo, kikapata hati mwaka wa 2016. Sasa mwanafunzi huweza kuja nyumbani Ijumaa na kurudi Jumapili akiwa na gorogoro mbili za ndengu kwenye mkoba, na huo ni msaada wa masomo ambao haumo katika fomu yoyote.

Kuhusu kazi, nitasema ukweli kama niuonavyo. Shahada peke yake haimtoshi tena kijana huyu. Wengi huunganisha masomo ya chuo na mitihani ya CPA, wakisamehewa baadhi ya karatasi, na hapo mzazi huanza kulipa mara mbili. Hesabu za kampuni hazikaguliwi wala kutiwa sahihi na mtu yeyote tu. Sheria inataka awe mwanachama wa taasisi ya wahasibu, ICPAK, iliyoanzishwa mwaka wa 1978, tena awe na kibali. Njia ni ndefu. Anayemwambia mtoto wake kwamba akimaliza miaka minne atapata meza benki anamdanganya.

Hata hivyo kazi ipo kabla ya kuajiriwa. Likizo ikifika, akina mama wa vyama huwatafuta vijana hawa. Nilikaribishwa katika kikao kimoja chini ya mwembe, wanawake wapatao ishirini, sanduku la chuma katikati. Lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikuwa kwa wanawake watatu wanaotoka vijiji tofauti. Vitabu vya ukaguzi wa hesabu vina sura nzima juu ya kugawa majukumu ili mtu mmoja asishike fedha, kitabu na ufunguo kwa pamoja. Akina mama hawa hawakuwa wamekisoma.

Walichokosa ni daftari. Mweka hazina aliyekuwapo awali alikuwa na kichwa kikali, akikumbuka deni la kila mmoja, lakini alikwenda kukaa na mwanawe Nairobi na kichwa akaenda nacho. Siku hiyo binti yule wa sokoni alikuwa ameitwa kupanga upya mikopo ya mwaka mzima. Alianza na simu zao. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, mama muuza ndengu amekuwa na daftari la fedha bila kujijua, kwa maana kila shilingi iliyoingia na kutoka ina tarehe na saa. Walisoma ujumbe mmoja mmoja, wengine wakivaa miwani ya kuazimana, na binti akaandika pande mbili, kama yalivyoelezwa katika kitabu cha Mtaliano Luca Pacioli kilichochapishwa Venice mwaka wa 1494.

Kufikia saa tisa urari ulikuwa umekataa kulingana. Upande mmoja ulizidi kwa Sh300. Mwenyekiti alipendekeza wachange waifunike, kwani Sh300 ni kitu gani. Mama mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasema hapana, itafutwe, maana mwaka jana ni yeye aliyeambiwa hajalipa.

Matatu za kupanda Embu hazingoji jioni, na anayetaka kurudi Nairobi siku hiyo hiyo afadhali awe kituoni mapema. Kutoka Embu bado kuna kilomita zipatazo 130. Niliwaacha wakianza tena kutoka ujumbe wa kwanza.