Kina na Usahaulifu: Muyaka Baada ya Muyaka

Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalipokuja kukusanywa huko Mombasa na mmisionari W. E. Taylor, mtunzi alikuwa amelala kaburini kwa miongo kadhaa, na mengi yao yalitolewa vifuani mwa wenyeji, hasa kifuani mwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Kwa hivyo, anayeisoma diwani iliyohaririwa na Hichens mwaka 1940, au uchambuzi wa Mohamed Abdulaziz wa 1979, anamsoma Muyaka aliyekumbukwa.

Je, kumbukumbu hiyo yaaminika? Mwanasaikolojia Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1932, alieleza jinsi alivyowapa Waingereza ngano ya wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya baada ya muda. Mitumbwi iligeuka mashua, mizimu ikafifia, na yaliyokuwa mageni yakapewa sababu za Kiingereza. Hapana aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alilishona vazi upya kwa kitambaa cha kwao.

Ngano, hata hivyo, haina ua. Shairi la Muyaka lina mishororo minne kwa ubeti, mizani kumi na sita kwa mshororo, na vina vya kati na vya mwisho. David Rubin, katika utafiti wake wa 1995 kuhusu fasihi simulizi, alionyesha kwamba maana na kina zikikutana, maneno yawezayo kuijaza nafasi huwa machache mno. Huu ni utetezi mzuri wa malenga wa pwani, ila una ncha mbili. Neno lililosahauliwa likizibwa na jingine lenye kina na mizani zilezile, kovu halionekani. Mhakiki anayesaka makosa kwa kuhesabu mizani (na wapo!) atamnasa mghani dhaifu tu, mghani stadi atampita, na pengine ndiye aliyebadilisha zaidi.

Isitoshe, kina hakihifadhi kisa. Tungo zinazohusu uhasama baina ya Mazrui na Seyyid Said zina bahati: kuanguka kwa Mazrui mwaka 1837 kumeandikwa kwingine. Lakini fumbo alilopelekewa rafiki, au lalamiko la nyumbani, limetufikia likiwa na vina kamili na bila aliyelengwa. Hapo ndipo baadhi ya wahakiki hufanya yaleyale waliyoyafanya Waingereza wa Bartlett. Kwa kuwa siasa za Mombasa ndizo zilizokumbukwa, kila fumbo hugeuzwa siasa, na mpenzi aliyenuniwa akavikwa kilemba cha liwali.

Maelezo aliyoyaandika Taylor kuhusu tungo hizo yamehifadhiwa London. Nayo pia yalitokana na masimulizi ya watu waliokuwa wakikumbuka.