Unga wetu ndani ya laboratwari

Tangu binti mmoja wa kikundi chetu afike mwaka wa mwisho wa iniversite, neno utafiti limeingia jikoni kwetu. Tulijua kwamba mwanafunzi anamaliza masomo kwa kuandika memware. Kumbe katika sayansi memware inaanza na mikono: kukusanya, kupima, kurudilia, na kuandika kila kitu katika daftari.

Binti alichagua muhogo mchungu. Ndani yake mna sumu iitwayo sianidi, ndiyo maana bibi zetu walituzoeza kuuloweka siku tatu na kuuanika kabla ya kusaga. Vita au njaa vikifupisha siku hizo, na bugali ukaliwa bila maharagwe wala samaki, konzo inaweza kuingia: miguu yote miwili inapooza ghafla, wala haiponi. Inapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kwango, ambako daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1938. Hata huku kwetu Kivu ya Kusini umeonekana.

Profesa aliyemsimamia hakumpa majibu. Alimuuliza: Unataka kujua nini? Utakipima namna gani? Ukirudilia, utapata kilekile? Binti alihangaika wiki nzima. Baba yake akasema tunapoteza feza kwa mwalimu asiyefundisha. Tulienda kumwona baba, tukamwambia: mkunga hazai pahali pa mama, lakini bila yeye tunaogopa.

Kisha tukaleta unga wetu, wa muhogo uliolowekwa siku moja, mbili na tatu. Tulipatana mbele: kila mfuko unapewa namba, jina la mama halionekani. Unga unatiwa katika chupa ndogo na maji kidogo na karatasi ya njano, inafungwa mpaka kesho yake. Sumu ikiwa nyingi, karatasi inageuka kahawia. Kipimo kinachokubaliwa na OMS ni miligramu 10 kwa kilo moja ya unga.

Unga wa siku moja ulitoka kahawia sana. Lakini mfuko mmoja wa siku tatu nao ulikuwa kahawia. Binti alitaka kuuacha. Profesa alikataa: uandike, kisha utafute sababu. Alipouliza, akakuta muhogo ule ulilowekwa katika vipande vikubwa, maji hayakuingia vizuri. Nyumba ile ina watoto wanne. Kama angeuficha, wangeendelea kula.

Leo, tukiwa na wasiwasi na unga, tunauchanganya na maji, tunautandaza mwembamba saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inatoka hewani, kisha tunapika siku ileile.

Mama, binti yako akianza utafiti, mwulize anatafuta nini, hata kama hukusoma. Weka kando feza za safari na za laboratwari mapema. Akutane na msimamizi wake ofisini, mchana, na ukisikia mwaliko wa pengine, usinyamaze. Siku ya kutetea kazi yake, vaa kitenge chako, ukae mbele.